Bendi Isiyo na Shahidi

Mwezi Juni 2025 bendi iliyojiita The Velvet Sundown iliibuka kwenye Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, na kabla ya Julai kwisha ilikuwa imevuka wasikilizaji milioni moja kwa mwezi. Nyimbo zake zilikuwa roki laini yenye harufu ya miaka ya 1970: gita lililotulia, sauti ya kiume yenye mikwaruzo kidogo, maneno ya vumbi na upepo. Haikuonekana shoo hata moja iliyowahi kupigwa, wala hakujitokeza mtu aliyesema aliwahi kusoma na mpiga ngoma wao. Watu wakaanza kuhoji, na mwishowe wasifu wa bendi yenyewe ukakiri kwamba ule ni mradi uliotengenezwa kwa akili mnemba. Novemba ya mwaka huohuo, Deezer, jukwaa jingine la muziki, ikatoa matokeo ya utafiti ilioufanya pamoja na Ipsos, kampuni ya kupima maoni, kwa watu 9,000 katika nchi 8: asilimia 97 walishindwa kutofautisha wimbo wa mashine na wimbo wa binadamu. Kampuni hiyo ikaongeza kwamba kila siku inapokea nyimbo zipatazo 50,000 zilizotungwa na mashine tupu, yaani asilimia 34 ya nyimbo zote zinazoingizwa kwake.

Tangu hapo mjadala wa wapenzi wa muziki umeganda kwenye masikio. Wapo wanaolalamika kwamba masikio yetu yamekwisha, na wapo wanaojifariji kwamba wao wasingedanganyika. Kwangu mimi, makundi yote mawili yanajibu swali lisilo lenyewe. Masikio peke yake hayajawahi kuwa njia yetu ya kuzijua bendi, hasa bendi ndogo zinazoitwa za indi. Tulizijua kwa kuambiwa na mtu: mtangazaji, mwandishi, muuza santuri, rafiki, mtu ambaye jina lake tulilijua na ambaye tungeweza kurudi kumlaumu. Kinachopaswa kutushtua kuhusu The Velvet Sundown ni kwamba ilifika milioni ikibebwa na orodha za nyimbo na mapendekezo ya mashine, bila kuhitaji mtu wa kusimama na kusema, “Nimewasikia hawa, na nakuambia wana jambo.” Iliwezekana kwa sababu katika miaka kumi kabla yake tulikuwa tumeshazoea kupokea muziki usio na shahidi. Kilichopungua ni maoni yenye mwenyewe, na upungufu huo ulikuwepo kabla mashine haijajifunza kuimba.

Tuanze na neno lenyewe, maana lilikotoka kumesahaulika. Indi ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea, na mwanzoni halikuhusu sauti ya aina yoyote. Chati ya indi ilipoanza kuchapishwa Uingereza Januari 1980, sharti la kuingia lilikuwa moja tu: santuri iwe imesambazwa nje ya mitandao ya kampuni kubwa. Ungeweza kupiga roki, rege au kelele tupu. Kilichokupa nafasi ni njia uliyopitia hadi ukafika dukani. Njia hiyo ilijengwa na watu wenye maoni. Rough Trade ilianza mwaka 1976 kama duka la Geoff Travis jijini London, ndipo ikawa lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, na msambazaji. Ng'ambo ya bahari, Sub Pop ya Seattle, iliyotoa santuri ya kwanza ya Nirvana mwaka 1988 kwa nakala 1,000, ilikuwa imeanza mwaka 1980 kama kijarida cha Bruce Pavitt, akiwaeleza wasomaji bendi zipi za mikoani zinastahili kusikilizwa na kwa nini. Maoni yalitangulia, biashara ikafuata. Kwa hiyo ukimwondoa mtu anayesema “sikiliza hawa,” hujaondoa pambo la pembeni. Umeondoa kipande cha kitu chenyewe kilichoitwa indi.

Mfano mkubwa zaidi wa mtu huyo ni John Peel, aliyetangaza BBC Radio 1 tangu ilipofunguliwa mwaka 1967 hadi alipofariki Oktoba 2004. Kipindi chake kilirekodi vikao zaidi ya 4,000 vya wanamuziki studioni, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia studio ya maana. Mwaka 1978 alipiga wimbo “Teenage Kicks” wa The Undertones, vijana wa Derry huko Ireland Kaskazini, kisha akaupiga tena palepale. Hiyo mara ya pili ndiyo ninayoifikiria. Mara ya kwanza msikilizaji amepewa wimbo. Mara ya pili amepewa mtu aliyeguswa nao kiasi cha kuvunja utaratibu wa kipindi. Mashine inaweza kurudia wimbo mara mia kwa sababu ya hesabu, na hakuna atakayejifunza lolote kutokana na marudio hayo. Peel aliporudia mara moja, watu walijifunza jambo kuhusu wimbo na jambo kuhusu yeye, wakapima la kwanza kwa kulitumia la pili.

Baada ya redio na magazeti kikaja kizazi cha intaneti. Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki iliyoanzishwa na Ryan Schreiber huko Minneapolis katikati ya miaka ya 1990 na kuhamia Chicago, ilifanya alama za desimali kutoka 0.0 hadi 10.0 kuwa lugha ya mashabiki. Septemba 2004 iliipa albamu ya kwanza ya Arcade Fire alama 9.7, na bendi hiyo ya Montreal ikatoka kwenye vyumba vidogo ikaingia kwenye majukwaa makubwa. Kampuni ya majarida ya Condé Nast iliinunua Pitchfork mwaka 2015, kisha Januari 2024 ikatangaza kuiingiza chini ya jarida la wanaume la GQ, huku waandishi kadhaa wakipoteza kazi. Upande wa Uingereza, jarida la muziki la NME liliacha kuchapa toleo lake la karatasi la kila wiki Machi 2018. Wengi walizichukulia habari hizi kama misiba ya magazeti tu. Ni kweli ni misiba ya magazeti, ila mwaka 2015 ulikuwa na tukio jingine lisilopigiwa kelele za msiba: Julai yake Spotify ilianzisha orodha ya nyimbo 30 kila Jumatatu, iliyopikwa maalumu kwa kila msikilizaji. Watu waliifurahia, nami nilikuwa miongoni mwao. Tulichokuwa hatujakiona ni kwamba orodha ile haikuwa na maoni. Ilijua nini kinafanana na nini, basi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, na mfano bora ninaoujua unatoka kwa Galaxie 500, bendi ya watu watatu kutoka Massachusetts iliyodumu kuanzia 1987 hadi 1991. Mwaka 2018 mpiga ngoma wao, Damon Krukowski, aligundua kwamba kwenye Spotify wimbo wao “Strange,” wa mwaka 1989, ulikuwa umezipita mbali nyingine zote, ingawa haukuwahi kutolewa peke yake kama wimbo wa kuibeba albamu. Alipouliza, alijibiwa na Glenn McDonald, aliyekuwa akichambua takwimu za Spotify. Mpando ulianza Januari 2017, pale kipengele cha kuendeleza nyimbo baada ya albamu kwisha kilipowashwa kwa watumiaji wote, na maelezo yaliyoelekea kuwa sahihi ni kwamba “Strange” ndio wimbo wa Galaxie 500 unaofanana zaidi na nyimbo za bendi nyingine. Pavement, bendi nyingine ya indi ya Marekani, yaliwakuta yaleyale. Wimbo “Harness Your Hopes,” walioutupa nje ya albamu yao ya 1997 na kuutoa pembeni mwaka 1999, ndio uliokuja kuwa wimbo wao unaosikilizwa kuliko vyote kwenye jukwaa hilo.

Tuyaangalie hayo kwa makini. Ukimwomba mtu aipendaye Galaxie 500 akuonjeshe bendi hiyo kwa wimbo mmoja, atakutafutia ule ambao hakuna mwingine angeuweza: ule mwendo wa kujikokota, sauti nyembamba ya mwimbaji wao Dean Wareham ikipanda hadi inakaribia kukatika, gita likiachiwa lizunguke hadi ngoma zinasahau zilikuwa zinakwenda wapi. Atachagua kinachowatenga na wengine. Mashine, kwa jinsi ilivyoundwa, huchagua kinachowaunganisha na wengine, kwa sababu kazi yake ni kuhakikisha hubonyezi kitufe cha kuruka. Zote mbili ni kazi halali. Lakini moja ni kukutambulisha kwa mgeni na nyingine ni kukuhakikishia kwamba hakuna mgeni aliyeingia. Mfumo ukishafanya kazi ya pili kwa miaka kumi, unazalisha nafasi inayomfaa kabisa mtunzi asiyekuwepo. The Velvet Sundown haikuwa na haja ya kuwa bora kuliko bendi yoyote. Ilihitaji tu kufanana na bendi zote kwa wakati mmoja.

Nina kisa kimoja changu, nacho nitakisema kwa kifupi. Mara ya kwanza kuisikiliza Spiderland ya bendi ya Slint, albamu ya nyimbo sita iliyotoka Machi 1991, niliiacha njiani. Mwimbaji haimbi, anasimulia kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha watoto, na gita linachonga noti mojamoja. Rafiki yangu aliponiona nimekata tamaa aliniandikia mstari mmoja: nizime taa, nisikilize wimbo wa mwisho tu, na nisiguse kitu hadi dakika ya saba. Nikafanya hivyo. Sauti ileile ya kunong'ona ilifika mwisho wa wimbo ikageuka kilio, na nikaelewa dakika zote zilizotangulia zilikuwa zinalimbikiza nini. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Kwa kipimo hicho mimi na Slint tulikuwa tumekwisha kuachana kabla hatujakutana.

Rafiki yangu naye hakuwa wa kwanza kuitetea albamu hiyo. Albamu ilipotoka bendi ilikuwa imeshavunjika, na wanunuzi walikuwa wachache. Steve Albini, mtayarishaji ambaye hakuwa na kawaida ya kumbembeleza mtu, aliihakiki katika gazeti la muziki la Uingereza, Melody Maker, akaipa nyota kumi, akatabiri kwamba baada ya miaka kumi itakuwa alama ya zama na watu watahangaika kuitafuta. Aliliweka jina lake rehani. Kama Spiderland ingesahaulika, uhakiki ule ungebaki kwenye makabati kama kumbukumbu ya kosa lake. Uwezekano huo wa kuaibika ndio unaoyapa maoni uzito wake, nao ndio mashine isiyokuwa nao. Orodha ya Jumatatu ikikuletea takataka, Jumatatu ijayo inakuletea nyingine bila kukumbuka, bila kueleza, bila kubishana nawe.

Upande wa pili, wa wanaotetea mapendekezo ya mashine, una hoja, na hoja zake nzito nazikubali. Ya kwanza ni kwamba wale mabawabu wa zamani, watangazaji na waandishi walioamua nani asikike, hawakuwa malaika. Walikuwa wachache, wengi wao wanaume weupe wa miji michache ya Uingereza na Marekani, na ladha yao ilifunga milango mingi. Magazeti ya kila wiki ya London yalikuwa na tabia ya kuipamba bendi yenye nyimbo tatu kama mkombozi wa taifa, kisha kuizika albamu ya pili ikitoka; mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nao walisifu hadi mgema akaanguka mnazini. Mwaka 2004 Pitchfork iliipa albamu ya Travis Morrison, aliyekuwa kiongozi wa The Dismemberment Plan, alama 0.0. Hata uwe umeichukia albamu kiasi gani, sifuri ile ilikuwa dharau iliyovaa nguo za hesabu, na njia yake ya muziki iliumia. Sioni sababu ya kulitetea hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba tulijua aliyeandika ni nani, tukaweza kumjibu, na hadi leo watu wanaitaja sifuri ile kama doa la gazeti. Uonevu wa mashine hauna tarehe wala jina. Bendi isiyopendekezwa haiwezi hata kujua kwamba imekataliwa.

Hoja ya pili ni kwamba mitandao imefufua waliokufa. Duster, bendi ya San Jose iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1998 na kusambaratika bila mtu kulia, leo ina mamilioni ya wasikilizaji waliozaliwa baada ya hapo, wengi wakiwa wameifikia kupitia video fupi za TikTok. Ni kweli, na ni furaha. Lakini ukiitazama njia yenyewe utakuta vijana waliochukua wimbo, wakauwekea picha za chumba chao usiku, wakasema huu ndio mzigo nilio nao. Mashine ilisukuma mbali kile ambacho watu walikuwa wamekishuhudia. Sipingi mashine inayobeba ushuhuda. Nakataa ile inayouchukulia ushuhuda kuwa hauna haja.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayorudiwa mara nyingi kuliko zote: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muziki ukiwa mzuri utafika wenyewe, kila mtu ana ladha yake, maoni ya mwingine ya nini? Methali hii ni ya sokoni, na sokoni bidhaa iko mezani, mnunuzi anaishika. Muziki wa bendi isiyojulikana hauko mezani. Mwaka 2000 vijana wa shule kutoka Nottingham waliokuwa wakijiita Panchiko walirekodi nyimbo chache, wakachoma CD zipatazo 30, wakaachana kila mtu na maisha yake. Miaka 16 nyimbo zile hazikujiuza kwa mtu yeyote. Mwaka 2016 mtu mmoja aliiokota CD hiyo katika duka la hisani la Oxfam mtaa wa Sherwood, mjini humohumo, akaiweka mtandaoni akiwauliza wenzake kama kuna anayewajua hawa. CD ilikuwa imeoza kwa kemia ya muda, na kadiri wimbo ulivyoendelea mkwaruzo uliumeza. Mashine yoyote ya kupanga ubora ingeuweka kapuni. Watu waliuweka moyoni, wakabishana kama mkwaruzo ni ajali au ni usanii, wakausaka kwa miaka kadhaa. Bendi ilipokuja kutoa upya nyimbo zile zikiwa safi, iliambatanisha na zile zilizooza, kwa sababu mashabiki walikuwa wameshazipenda hivyo.

Ninaposema maoni yenye mwenyewe sidai turudi kwa mabawabu kumi. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2008, ina kitu kidogo ninachokithamini: anayenunua albamu anaweza kuacha chini yake jina lake, sentensi chache, na wimbo anaoupenda zaidi. Nimenunua albamu nyingi kwa sababu ya sentensi hizo kuliko kwa sababu ya alama yoyote. Mtu ameandika kwamba mpiga besi ndiye anayeibeba bendi hii, msikilize yeye. Unamsikiliza, na albamu nzima inageuka. Pamoja na hayo, kampuni hiyo imeuzwa mara mbili, kwa Epic Games mwaka 2022 na kwa Songtradr mwaka 2023, na mauzo ya pili yaliambatana na karibu nusu ya wafanyakazi kuachishwa kazi. Kwa hiyo siwezi kumshauri mtu alikabidhi jumba moja la biashara kazi hii. Maoni ya mashabiki hayana budi kuishi mahali pengi, na yawe maoni kweli. “Moto huu” si maoni. Nyota nne si maoni. Maoni yanasema wimbo wa tatu unazidi urefu kwa sababu kiitikio kinarudi kabla hujakikosa, au kwamba mwimbaji amejificha nyuma ya mwangwi na angepaswa kutoka. Maneno ya namna hiyo yanaweza kupingwa, na yanayoweza kupingwa ndiyo yanayomsaidia mwingine kusikia. Mwaka 2024 albamu ya mwanamuziki Cindy Lee, saa mbili na nyimbo 32, ilitolewa bila kupelekwa Spotify: faili moja ndefu YouTube na ukurasa wa kizamani wa kupakulia. Iliwafikia wengi kwa sababu watu waliisimulia kwa maneno mengi, Pitchfork ikiwemo, iliyoipa 9.1 na kuieleza kwa marefu.

Na sasa haraka ni kubwa kuliko zamani, kwa sababu ambayo sijaiona ikisemwa vya kutosha. Tunapolifanya tatizo la akili mnemba kuwa tatizo la masikio, dawa tunayoifikia ni shaka: kila bendi mpya ichunguzwe, idaiwe picha, idaiwe shoo, idaiwe ushahidi. Shaka hiyo haimgusi mwenye jina. Inamwangukia mtoto wa miaka 17 aliyerekodi chumbani, asiye na mahojiano wala mashabiki, ambaye kwa nje anafanana na The Velvet Sundown kwa kila kitu. Gharama ya bendi ya uongo italipwa na bendi ya kweli iliyo ndogo kuliko zote. Kitu pekee kinachoweza kuwatofautisha ni mtu mwingine anayesema niliwasikia, niliwaandikia, walinijibu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Panchiko. Kwenye jalada la ile CD yalikuwepo majina ya kwanza tu ya vijana wanne, bila ukoo, bila anwani. Ingeokotwa leo, ikawekwa mtandaoni na mkwaruzo wake, maoni ya kwanza chini yake yangekuwa kwamba hii ni kazi ya mashine, na huenda mazungumzo yangeishia hapo. Mashabiki wale hawakuishia hapo. Walipekua majina, wakapiga simu madukani, wakakosea mara nyingi, hadi mwanzoni mwa mwaka 2020 mmoja wao alipomtumia ujumbe mtu mzima mmoja aitwaye Owain, akimwuliza kama kwa bahati yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi hiyo. Akajibu kwamba ndiye.